Fadhili William, Mtaita aliyetetea Malaika hadi siku zake za mwisho



Wiki chache zilizopita nilikuwa Kipungani, kijiji kilichoko pembe ya kusini-magharibi ya kisiwa cha Amu, nimekaa barazani kwa shangazi yangu. Mikono yake ilikuwa katika kazi ya siku zote ya kina mama wa kijiji kile, kusuka ukili wa mikeka. Akapita kijana na simu yake ikipiga Malaika, sauti ya mwanamke, polepole. Mtu mmoja akauliza wimbo ule ni wa nani, na hapo ubishi ukaanza. Kijana akashikilia kwamba ni wa Miriam Makeba. Jirani yetu aliyekuwa akitengeneza wavu akasema la, ni wa Boney M, maana yeye aliusikia kwanza kwenye kaseti yao. Shangazi hakuinua hata uso. Alisema wimbo ule ni wa Fadhili, mtu wa Taita, kisha akaendelea kusuka.

Nilirudi mjini na ubishi ule kichwani. Watu watatu wa baraza moja, wote Waswahili, wanabishania wimbo wa Kiswahili, na wawili kati yao wanaupeleka ng'ambo. Na huyo wa tatu, aliyemtaja mwenzetu, angevuka tu mpaka wa Lunga Lunga angekuta watu wa kumbishia naye. Kwa hiyo safu ya leo namwachia Fadhili William, Mwenyezi Mungu amrehemu. Maisha yake yana jambo linalotuhusu sisi watu wa visiwani, ingawa yeye alikuwa mtu wa milimani.

Fadhili William Mdawida alizaliwa Novemba 1938 huko Taita. Jina lake la mwisho lenyewe linataja asili yake, kwani Wataita kwa lugha yao hujiita Wadawida. Milima ya Taita haina mikoko wala majahazi, na baridi yake mtu wa Amu haiwezi bila blanketi mbili. Lakini ni Pwani ile ile, na mtoto wa Taita wa zama zile alikua na lugha mbili mdomoni, Kitaita cha nyumbani na Kiswahili cha sokoni, garini na redioni. Alipokuja kutunga na kuimba, Kiswahili ndicho alichokichagua. Chaguo hilo ndilo lililomfikisha Mombasa, Dar es Salaam, Kampala na mbali zaidi.

Kama vijana wengi wa Pwani wa miaka ya 1950, Fadhili aliangukia Nairobi. Ulikuwa mji wa amri kali za mkoloni, lakini katika mitaa ya Waafrika kama Pumwani na Kaloleni muziki ulikuwa ukichemka. Vita vya pili vya dunia vilikuwa vimekwisha, na waliorudi kutoka Burma walirudi na gitaa na mapigo mapya. Mmoja wao alikuwa Fundi Konde, Mgiriama wetu, aliyekuwa amewatumbuiza askari kule vitani na ambaye sasa alikuwa jina kubwa kwenye santuri. Kwa kijana aliyejua kushika gitaa na kuimba Kiswahili safi, Fundi Konde alikuwa ushahidi kwamba mtu wa Pwani anaweza kusikika Afrika Mashariki yote.

Lazima tuelewe biashara ya santuri ilivyokwenda zama hizo, kwa sababu mkasa mzima umejengwa juu yake. Studio, mashine na duka vilikuwa mikononi mwa wenye mitaji, wengi wao Wazungu na Wahindi. Mwanamuziki aliingia na gitaa lake, akaimba pande mbili za santuri, na mara nyingi alilipwa fedha za mkupuo akaenda zake. Karatasi ikiwapo, aliitia sahihi bila wakili wala mtu wa kumfafanulia. Neno hakimiliki halikuwa neno la barazani. Mtu alijua ameuza sauti yake ya siku ile. Kwamba kuna kitu kingine, yaani utunzi wenyewe, kinachoweza kuzaa fedha kwa miaka hamsini baada ya yeye kufa, hilo wachache walilijua.

Karibu na mwaka 1960, Fadhili akiwa kijana wa miaka ishirini na kidogo, alirekodi Malaika na bendi yake ya Jambo Boys. Baadaye, nchi ilipokuwa ikikaribia uhuru, aliurekodi upya akiwa na Equator Sound Band, bendi ya studio ya Charles Worrod jijini Nairobi. Bendi hiyo ilikusanya watu ambao majina yao wapenzi wa zilipendwa wanayajua hadi leo: Daudi Kabaka, Gabriel Omolo, Charles Sonko, na wageni wawili kutoka Zambia, Nashil Pichen na Peter Tsotsi. Fadhili alikuwa miongoni mwa nguzo zake.

Wimbo wenyewe hauna mambo mengi. Kijana anampenda msichana, anamwona kama malaika, anataka kumuoa, lakini mfuko wake mtupu. Hakuna mtu wa mwambao asiyejua habari hiyo. Kila mtaa wetu una kijana aliyemkosa mwana wa watu kwa sababu ya mahari, na kila familia ina binti aliyeolewa na mwenye uwezo huku moyo wake uko kwingine. Sauti ya Fadhili ni ya upole, haina kelele, kama ya mtu anayezungumza na nafsi yake. Kiswahili chake ni chepesi hata mgeni anakishika kwa siku moja. Nadhani hizo ndizo mbawa zilizourusha wimbo ule.

Mapema miaka ya 1960, Miriam Makeba alifika Kenya kuunga mkono harakati za uhuru. Alikuwa ametolewa kwao Afrika Kusini na utawala wa kibaguzi, na sauti yake tayari ilikuwa inasikika Marekani. Malaika ukaingia katika nyimbo zake. Mwaka 1965 yeye na Harry Belafonte walitoa sahani yao ya pamoja yenye wimbo huo, na mwaka uliofuata sahani hiyo ikashinda tuzo ya Grammy. Fikiria jambo hilo. Utunzi uliorekodiwa Nairobi kwa vyombo vya kawaida kabisa, ndani ya miaka mitano au sita umo katika sahani iliyotuzwa tuzo kubwa kuliko zote za muziki Marekani.

Hapo mlango ukawa umefunguka. Mwaka 1967 bendi ya Hep Stars ya Sweden, ambayo mpiga kinanda wake Benny Andersson baadaye alikuwa mmoja wa wanne wa ABBA, iliuimba Malaika ukapanda chati za nchi hiyo. Mwaka 1981 Boney M, kundi lililoundwa Ujerumani na Frank Farian, wakautoa kwa mapigo ya disko, na ndiyo kaseti iliyomfikia jirani yetu wa Kipungani. Mwaka 1991 Angélique Kidjo wa Benin akauimba kwa namna yake katika albamu ya Logozo. Na hao ni wakubwa tu. Ukihesabu bendi za hoteli kuanzia Shela hadi Diani, ambazo kila usiku humpigia mgeni Malaika kabla ya kumletea chakula, hesabu haina mwisho.

Je, Fadhili alipata nini katika safari hiyo yote? Kenya haikuwa na sheria yake yenyewe ya hakimiliki hadi mwaka 1966. Chama cha Kenya cha kukusanya mirabaha ya wanamuziki, kile cha MCSK, kiliundwa 1983. Kwa hiyo Makeba na Belafonte walipokuwa wakipokea tuzo yao, na hata Boney M walipokuwa wakiuza disko, huku nyumbani hakukuwa na chombo chetu cha kusimama mlangoni na kudai haki ya mtunzi. Mtu alibaki kutegemea kampuni yake ya santuri, barua zake mwenyewe na bahati.

Kulikuwa na tatizo jingine, na hili ndilo ningependa wasomaji walishike vizuri. Baadhi ya santuri za ng'ambo ziliuandika Malaika kuwa wimbo wa asili. Kwa mtu wetu neno hilo linasikika kama heshima, wimbo wa asili, wimbo wa mababu. Katika biashara ya muziki maana yake ni nyingine. Wimbo wa asili hauna mtunzi, na usio na mtunzi hauna wa kulipwa. Aliyeupanga upya studio anaweza kuandika jina lake kama mpangaji, na mirabaha ikafuata jina hilo. Yaani neno moja dogo kwenye karatasi ya santuri linaweza kumfuta mtu aliye hai, anayekula, anayedaiwa kodi ya nyumba, likamgeuza kuwa babu asiyejulikana.

Fadhili hakukubali kufutwa. Miaka nenda miaka rudi alishikilia kwamba Malaika ni wake, kwamba yeye ndiye aliyeutunga kwa msichana aliyempenda na ambaye hakuweza kumuoa. Kwa kuwa rekodi yake ndiyo ya kwanza kujulikana, alikuwa na hoja ambayo sheria inaielewa. Alikuwa na santuri yenye jina lake, kampuni iliyoitoa, na wakati ilipotoka. Hiyo ndiyo nguvu iliyomfanya atambuliwe katika karatasi nyingi na kupata mirabaha, hata kama haikuwa mikubwa kama umaarufu wa wimbo.

Lakini sasa tuvuke mpaka. Tanzania yuko mtu aliyeitwa Adam Salim, aliyezaliwa 1916, ambaye naye alidai kwamba Malaika ni wake. Kwa maelezo yake, aliutunga akiwa Nairobi katikati ya miaka ya 1940, kwa mchumba wake mwenyewe, ambaye wazazi walimwoza kwa tajiri. Wakati huo Fadhili alikuwa mtoto mdogo. Adam Salim aliuimba lakini hakuurekodi. Wako pia Wakenya wengine waliotajwa katika mgogoro huu, akiwamo Grant Charo, na Lucas Tututu wa Mombasa. Kila mmoja ana watu wake wanaomwamini, na kila mmoja ana msichana wake katika hadithi.

Mimi si kadhi wa kesi hii. Wataalamu wa muziki wamekubaliana juu ya jambo moja, kwamba Fadhili ndiye aliyeutia wimbo ule kwenye santuri na kuupeleka kwa ulimwengu. Yaliyo kabla ya hapo yamo katika kumbukumbu za watu, na kumbukumbu za watu hazikubaliani. Inawezekana kijana wa Taita alitunga kila neno. Inawezekana alisikia kitu mtaani, akakifinyanga kikawa chake, kama nyimbo zinavyokwenda kutoka arusi hadi arusi. Inawezekana Mtanzania yule aliporwa na Mkenya kabla Mkenya hajaporwa na Mzungu. Ikiwa hivyo ndivyo, basi malalamiko yetu dhidi ya nyota wa ng'ambo yana kivuli chake hapa hapa nyumbani, na hatuwezi kujifanya hatukioni.

Ndiyo maana siwezi kuandika maisha ya Fadhili kama hadithi ya malaika mmoja na mashetani wengi. Miriam Makeba hakuwa mwizi. Alikuwa Mwafrika mkimbizi aliyeupa wimbo wa Afrika Mashariki heshima ambayo sisi wenyewe tusingeweza kuupa wakati ule. Makampuni ndiyo yaliyoshika kalamu, na kalamu haikuwa na haraka ya kuuliza Nairobi. Na Fadhili naye, aliyelilia haki yake, alikuwa na mzee mwingine nyuma yake akililia hiyo hiyo.

Kuna wenzake waliobahatika zaidi kidogo. Daudi Kabaka wa bendi ile ile ya Equator alitunga Helule Helule, na mwaka 1968 kundi la The Tremeloes la Uingereza likauimba ukaingia kwenye chati za huko. Hakuna anayebishana leo ni wa nani, maana ulipovuka bahari ulikuwa na santuri yake, mwaka wake na mtunzi wake. Ndivyo ilivyo pia kwa Jambo Bwana wa Teddy Kalanda Harrison na Them Mushrooms, vijana wa Pwani waliourekodi mwanzoni mwa miaka ya 1980 baada ya kuwapigia watalii hotelini. Boney M walitoa namna yao mwaka 1983, lakini jina la Kalanda halikuzama, kwa sababu bendi ilikuwapo, santuri ilikuwapo, na wenyewe walikuwa macho.

Na wako waliotendewa vibaya kuliko Fadhili. Solomon Linda, Mzulu wa Afrika Kusini, alirekodi Mbube mwaka 1939 na kuiachia haki yake kampuni kwa shilingi kumi. Wimbo ukavuka bahari, kundi la The Weavers wakauimba kwa jina la Wimoweh na kuusajili kwa jina la mtunzi wa kubuni, kisha The Tokens wakautoa 1961 kwa maneno ya Kiingereza juu ya simba aliyelala. Linda alikufa maskini mwaka 1962. Mwaka 1994 wimbo ukaingia katika filamu ya The Lion King. Watoto wake walifungua kesi mwaka 2004 na wakafikia maafikiano mwaka 2006, miaka arobaini na minne baada ya baba yao kuzikwa. Hakuna aliyeweza kukana kwamba sauti iliyo kwenye santuri ya 1939 ni ya Linda. Hata mnyonge kabisa, akiwa na alama yake, kizazi chake kinaweza kuifuata.

Fadhili aliishi Marekani miaka mingi, mbali na milima ya kwao na mbali na Nairobi iliyomjua. Ni jambo la kutafakari kwamba mtu ambaye wimbo wake uliimbwa na nyota wa bara tatu aliweza kutembea katika mitaa ya Marekani bila mtu kugeuka. Angeweza kuingia duka lolote, redio ikawa inapiga Malaika, na mwuzaji asijue kwamba anayelipia mkate ni yeye. Alirudi Kenya, na alipofika watu wa makamo walimpokea kwa furaha, lakini vijana walikuwa tayari na muziki wao mwingine. Alifariki jijini Nairobi tarehe 11 Februari 2001, akiwa na miaka 62. Magazeti yalimwita mwimbaji wa Malaika. Neno mtunzi baadhi walilitumia, baadhi walilikwepa, kwa kuogopa ule mgogoro.

Tangu siku ile imepita robo karne. Kwa sheria ya Kenya, hakimiliki ya utunzi hudumu miaka hamsini baada ya mwaka aliokufa mtunzi. Kama wimbo ni wake, basi haki yake iko hai hadi mwisho wa mwaka 2051. Wajukuu wa leo watakuwa wazee. Nimeandika hesabu hiyo makusudi, maana wengi wetu hudhani mtu akifa na wimbo wake umekuwa wa kila mtu. Si hivyo. Wimbo ni kama shamba la minazi lenye hati. Mwenyewe akizikwa, minazi inaendelea kuzaa, na warithi wana haki na nazi zake. Shamba lisilo na hati ndilo linalovamiwa, na sisi watu wa Lamu habari za mashamba yasiyo na hati hatuhitaji kufundishwa na mtu.

Sasa nirudi kwetu. Kuna jambo ambalo wazee wetu walilijua karne nyingi kabla ya sheria ya 1966. Mtunzi wa utendi, akifika mwisho, alikuwa anaacha alama yake. Wengi walitaja jina lao, baba yao, mji wao na mwaka wa Hijra. Mwana Kupona wa Pate, alipomwandikia binti yake utendi wake, hakuumaliza bila kujitambulisha na kuacha tarehe. Ndiyo sababu leo, zaidi ya miaka 160 baadaye, hakuna mtu wa Nairobi wala wa London anayeweza kusema utendi ule ni wa asili usio na mwenyewe. Bibi yule hakuwa na wakili wala kampuni. Alikuwa na wino na desturi. Desturi hiyo ilikuwa ndiyo ofisi yetu ya hakimiliki, na sisi wajukuu tumeiacha katika beti za zamani tukaingia kwenye studio mikono mitupu.

Nenda arusi yoyote Amu, Matondoni, Kipungani au Siu, uone wakati wa vugo. Kina mama wanaimba nyimbo mpya, nyingine zimetungwa wiki ile ile kwa ajili ya bibi arusi, zenye mafumbo ya kumfanya mtu mzima acheke mpaka machozi. Simu ishirini zimenyanyuliwa juu. Kesho yake nyimbo zimeshaingia kwenye mitandao, na maelezo chini yake ni muziki wa asili wa Lamu. Neno ni lile lile lililoandikwa kwenye santuri za Malaika. Safari hii hatukuandikiwa na mgeni, tumejiandikia wenyewe. Bibi aliyetunga yuko jikoni anaosha masufuria, na jina lake halipo popote.

Siku moja mtayarishaji wa muziki, awe wa Nairobi, Dubai au Stockholm, ataikata sauti ile, ataitia ngoma za kompyuta, na dunia itacheza. Mitandao ya muziki ya leo ina mitambo inayotambua sauti, na mtambo humjua aliyesajili kwanza. Basi huyo mtayarishaji ndiye atakayekuwa mwenyewe, na bibi yetu akithubutu kuiweka video yake mwenyewe, mtambo utamwambia ametumia mali ya mtu. Tutapiga kelele barazani, tutawaita wezi. Wataturudishia swali alilorudishiwa Adam Salim: ushahidi uko wapi?

Kwa hiyo nina maombi machache, na hayahitaji fedha nyingi. Kwanza, anayerekodi arusi na kuweka mtandaoni aandike chini jina la mtunzi, kijiji na mwaka, kwa ruhusa yake. Ikiwa mama hataki jina lake litajwe, na wako wasiotaka kwa stara, basi litajwe kundi lake la vugo. Pili, watunzi wetu wa taarabu na mashairi wawe na daftari. Maneno, tarehe, na mashahidi wawili, kama tunavyofanya katika ndoa na katika mauzo ya jahazi. Tatu, anayetaka kuingia katika biashara asajili kazi yake kwa Bodi ya Hakimiliki ya Kenya, iliyoundwa chini ya sheria ya 2001, sheria ya mwaka ule ule alioaga Fadhili. Haki ya mtunzi huzaliwa pale kazi inapoandikwa au kurekodiwa, si lazima cheti, lakini siku ya ubishi cheti kina mdomo. Na nne, tukichukua wimbo wa mwenzetu wa Tanga, wa Unguja au wa Mrima, tumtaje. Hatuwezi kumdai mtu wa ng'ambo adabu ambayo hatupeani sisi kwa sisi.

Najua wako watakaosema mila zetu si za kuuzwa, na kwamba wimbo wa arusi ni wa umma. Hoja hiyo naiheshimu. Kuna nyimbo ambazo kweli ni za umma, tumezirithi kwa bibi wa bibi zetu, na hizo zibaki za wote. Ninachokataa ni kumtia mtunzi aliye hai katika kaburi la wasiojulikana kwa sababu ya uvivu wetu wa kuandika. Fadhili William angekuwa hai angekuwa mzee wa karibu miaka tisini, na nina hakika bado angekuwa akieleza kila mgeni kwamba ule wimbo ni wake.

Kabla sijaondoka Kipungani siku ile, nilimuuliza shangazi amejuaje kwa hakika kwamba Malaika ni wa Fadhili. Alinijibu kwamba zama za usichana wake redio ilikuwa ikimtaja mwimbaji kabla ya kila wimbo, na yeye alisikiliza. Kisha alinionyesha mkeka uliokuwa umekunjwa pembeni akaniambia umesukwa na nani, nyumba ya tatu kutoka msikitini. Ulikuwa hauna maandishi yoyote. Aliujua kwa namna pindo lilivyoshonwa.

Nikamuuliza na huko mkeka ule ulikokuwa ukienda, hotelini, nani angelijua jina la yule mama. Shangazi alifikiri kidogo, akaniomba kalamu.